Pikapu Inachemka Ikisimama: Pima Feni ya Rejeta Kabla Hujanunua Nyingine

Kila msimu wa kaskazi, jua linapopiga kuanzia Januari hadi Machi, naletewa pikapu zenye ugonjwa mmoja na mkasa mmoja. Feni ya rejeta haikuzunguka. Mwenye gari akanunua nyingine, akaifunga, nayo ikanyamaza vilevile. Wapo waliofika kwangu wakiwa na feni ya tatu. Ile ya kwanza ilikuwa imetupwa nyuma ya bodi pamoja na magunia, nikaipima, ikazunguka kama mpya.

Hizo ni pesa za mtu, mara nyingi ni faida ya wiki nzima ya kubeba samaki au maembe. Ndiyo maana nimeandika hatua zote ninazofuata mwenyewe hapa Malindi, moja baada ya nyingine. Zifuate kwa mpangilio. Ukiruka hatua utajikuta unabadilisha kitu kizima na kukiacha kibovu mahali pake.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Mita ya umeme ndogo ya kidijitali, yenye kupima volti na omu. Ya bei nafuu inatosha.
- Testa ya balbu. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, ilehemu nyaya mbili. Usiidharau. Waya uliooza ukabaki na uzi mmoja tu wa shaba bado utaionyesha mita volti 12, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Balbu hii inavuta karibu ampea 2, kwa hiyo waya mbovu unaumbuka hapohapo: balbu inafifia au haiwaki kabisa.
- Nyaya mbili nene za mita moja na nusu kila mmoja, na mmoja wao uwekewe fyuzi ya ampea 30.
- Spana za 8, 10 na 12, bisibisi, koleo na kisu.
- Msasa laini, mswaki mkuukuu na grisi kidogo.
- Fyuzi za akiba zenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi.
- Tochi, kitambaa kizito na karatasi moja ya daftari.
- Lita 5 za maji laini. Maji ya visima vingi vya huku kwetu yana chumvichumvi. Yanaacha magaga ndani ya rejeta na kula alumini. Kinga maji ya mvua au nunua maji ya betri yaliyosafishwa, si asidi.

## Tahadhari, kabla hujafungua boneti

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Ndani mna presha, na presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukifungua, presha inatoka ghafla, maji yote yanachemka kwa mpigo na kukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuuachia.

Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Kila unapotaka kuingiza mkono kwenye mapanga, ng'oa kwanza waya wa hasi wa betri.

Na usiinamie injini inayonguruma ukiwa umevaa kanzu, kikoi, leso au shati la mikono mirefu iliyofunguka. Vaa nguo ya kazi, au vua.

## Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la feni kweli

Jiulize gari linachemka wakati gani.

Likichemka limesimama stejini, linapakia sokoni, au linatambaa kwenye mchanga, kisha geji ikashuka mara tu linaposhika lami na kukimbia, feni ndiyo ya kushukiwa kwanza. Gari likikimbia kilomita 80 kwa saa, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta wenyewe, feni haina kazi kubwa. Likisimama, hakuna upepo ila wa feni.

Likichemka kwenye lami huku limekazana mwendo, feni haina hatia. Tafuta rejeta iliyoziba, thamostati (kile kilango kinachofunguliwa na joto ili maji yaende kwenye rejeta) iliyokwama, au pampu ya maji.

Jambo moja la huku pwani linawachanganya watu. Wakati wa kaskazi, ukielekea Kilifi, yaani kusini, umejaza mzigo na unakwenda polepole, upepo unakusukuma kutoka nyuma. Hewa inayoingia kwenye rejeta inakuwa kidogo kuliko unavyodhani, na gari linachemka kana kwamba limesimama. Rudi njia hiyohiyo ukielekea kaskazini, upande wa Mambrui, upepo unakuja usoni, geji inatulia. Dereva anasema kosa linakuja na kuondoka, kumbe feni imekufa muda mrefu na ni upepo tu uliokuwa ukiifanyia kazi yake.

Kisha angalia mambo matatu kwa macho, injini ikiwa baridi:

Maji. Yajae mpaka mdomoni mwa rejeta. Yakipungua, sensa ya joto inabaki hewani, haihisi joto, na haiamuru feni iwake. Hapo injini inaungua na feni haijui lolote.

Mapovu na mafuta. Mapovu yakitoka mfululizo kwenye rejeta injini inaponguruma, au mafuta ya injini yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni gasketi ya hedi imekufa. Acha kupima feni, nenda kwa fundi wa injini.

Uso wa rejeta. Mulika tochi kwenye vile vibati vyembamba katikati ya mirija, kisha viguse kwa ukucha. Vikiwa vizima vinapinda kidogo na kurudi. Vikiwa vimeliwa na chumvi vinamomonyoka kama majivu, na kwenye ncha ya kidole unabaki na unga mweupe. Nimeona rejeta za magari yanayobeba chumvi Gongoni ambazo mirija ilikuwa mizima, hazivuji hata tone, lakini vibati vimekwisha kabisa sehemu ya chini. Rejeta kama hiyo hata ukiifungia feni mbili haitapoza, maana vibati ndivyo vinavyolitoa joto kwenye mirija na kulipa upepo.

Umefaulu hatua hii ikiwa: maji yamejaa, hakuna mapovu, vibati vizima, na gari linachemka likisimama tu. Endelea.

## Hatua ya 2: Jua una feni ya aina gani

Pikapu nyingi za dizeli tunazotumia huku, za aina ya Hilux na D-Max, feni yake kubwa inazungushwa na mkanda wa injini kupitia klachi ya feni. Haina waya. Zikiwa na kiyoyozi, baadhi yake zina feni nyingine ndogo ya umeme mbele ya rejeta, na hiyo kazi yake ni kupoza gesi ya kiyoyozi.

Pikapu ndogo, hasa zile ambazo injini imelala kwa upana wa gari, zinatumia feni ya umeme peke yake.

Nimelisema hili kwa sababu nimeshaona mtu akipima kutwa nzima ile feni ndogo ya kiyoyozi kwenye gari la dizeli, huku kosa liko kwenye klachi nyuma ya rejeta. Angalia nyuma ya rejeta upande wa injini. Ukiona mapanga yamefungwa kwenye pulli yenye mkanda, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 9. Ukiona mota yenye nyaya, endelea na ya 3.

## Hatua ya 3: Zungusha kwa mkono

Ng'oa hasi ya betri. Zungusha panga moja kwa kidole.

Linatakiwa kwenda kwa wepesi na kusimama lenyewe polepole, bila kukwaruza. Likiwa gumu, au likisagika kama kuna mchanga ndani, bushi za mota zimekwama. Ukilishika panga na kulitikisa mbele na nyuma likacheza sana, bushi zimelika. Mota iliyokwama inavuta umeme kupita kiasi na kuunguza fyuzi, kwa hiyo hatua hii ya sekunde kumi inaweza kukueleza kwa nini fyuzi hazikai.

## Hatua ya 4: Washa kiyoyozi

Rudisha waya wa betri, washa injini, washa kiyoyozi mpaka mwisho. Kwenye gari nyingi feni inatakiwa kuwaka ndani ya sekunde chache.

Ikiwaka kwa kiyoyozi lakini haiwaki kwa joto, umeshapata habari kubwa: mota nzima, waya mkubwa mzima, athi (njia ya umeme kurudi betri) nzima. Nenda hatua ya 8, kwenye sensa.

Isipowaka, usihukumu bado. Gesi ya kiyoyozi ikiwa imekwisha, magari mengi hayaruhusu feni iwake kwa njia hii.

## Hatua ya 5: Fyuzi

Fyuzi ya feni iko kwenye boksi la ndani ya boneti, mara nyingi ni kubwa, ya ampea 30 au 40. Usiitazame tu ukaridhika. Weka ufunguo kwenye "on", kamata hasi ya betri kwa waya mmoja wa testa, na waya wa pili gusa upande mmoja wa fyuzi, kisha upande wa pili. Balbu iwake kwa nguvu ileile pande zote mbili.

Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Weka nyingine ya ampea zilezile. Ikikatika tena papo hapo, kuna shoti kwenye waya au mota imekwama. Rudi hatua ya 3.

Nakusihi, usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, wala uzi wa waya. Fyuzi ipo ili ikatike yenyewe kabla waya haujaungua. Ukiiziba, kitakachoungua ni ule mkungu wa nyaya nyuma ya taa, na kuusuka upya ni kazi ya siku mbili.

Ng'oa pia fyuzi na uangalie miguu yake. Ikiwa na madoa ya kijani au plastiki imeyeyuka upande mmoja, hapo palikuwa na mguso mbaya. Safisha kwa msasa.

## Hatua ya 6: Ipe mota umeme moja kwa moja

Hapa ndipo utakapojua kama unahitaji feni nyingine au la. Watu wengi wanairuka, na ni ya dakika tano.

Chomoa plagi ya feni. Ikiwa ina nyaya mbili nene, moja ni chanya na nyingine hasi. Ikiwa ina nyaya tatu au nne, au mojawapo ni nyembamba sana, huenda feni ina spidi mbili au kisanduku cha kielektroniki; usiunganishe kwa kubahatisha, utakiunguza. Hiyo mpelekee fundi wa umeme mwenye mchoro wa gari lako.

Kwa feni ya nyaya mbili: unganisha kwanza waya wa hasi, kutoka kwenye mota hadi hasi ya betri. Kisha waya wenye fyuzi, kutoka kwenye mota hadi chanya ya betri. Simama pembeni.

- Ikizunguka kwa nguvu na mvumo, mota ni nzima. Usinunue feni. Kosa liko kwenye njia ya umeme, na tutalipata.
- Ikizunguka kivivu, au ikaanza tu ulipoigonga mgongoni kwa mpini wa bisibisi, kaboni za ndani zimekwisha. Feni hii itakusaliti ukiwa njiani. Badilisha mota, au kaboni kama fundi wako anazipata.
- Isipozunguka kabisa hata baada ya kugongwa, mota imekufa. Sasa una haki ya kununua nyingine.

Kabla hujazitoa nyaya, chukua ile karatasi ya daftari uipeleke mbele ya rejeta. Inatakiwa inyonywe na kung'ang'ania pale. Ikisukumwa mbali, chanya na hasi zimegeuzwa na feni inazunguka kinyume. Gari lililofungiwa feni kinyume linachemka vibaya zaidi likitembea, maana feni inapigana na upepo wa barabarani.

## Hatua ya 7: Rilei na njia ya umeme

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Mlio wake wa "tik" unathibitisha sehemu ndogo tu. Vile vigusio vya ndani vinaweza kuwa vimeungua huku mlio ukisikika vizuri.

Njia ya haraka ni kubadilishana na rilei ya honi ikiwa ni ya aina ileile na miguu ileile. Feni ikiwaka, na honi ikinyamaza, umeshamjua mbaya wako.

Njia ya uhakika: toa rilei. Nyingi zina namba 30, 87, 85 na 86 chini yake. Kama namba zako ni tofauti, fuata kijichoro kilichochapwa ubavuni mwake. Namba 30 ndiyo inayopokea umeme wa betri, 87 inaupeleka kwa feni. Pima kwa testa kwamba 30 ina umeme wa nguvu, kisha unganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya wako wenye fyuzi.

Feni ikiwaka, basi kutoka hapo mpaka kwenye feni kila kitu ni kizima. Kosa ni rilei yenyewe, au amri haifiki. Jaribu kwanza rilei nyingine nzima; feni isipowaka bado, nenda hatua ya 8.

Feni isipowaka, na hatua ya 6 ilionyesha mota nzima, kosa ni waya au athi. Hapa tukae kidogo, kwa sababu kwa Malindi hapa ndipo ninapokuta kosa mara nyingi kuliko pengine popote.

### Kupima athi inavyostahili

Athi ni njia ya umeme kurudi betri. Kwenye magari mengi ni waya mweusi uliofungwa kwa bolti kwenye bati, karibu na taa ya mbele. Bati hilo ndilo linalopokea upepo wa bahari usiku na mchana.

Rudisha plagi ya feni. Acha tundu la 30 na la 87 vikiwa vimeunganishwa, yaani feni iwe inapewa umeme. Weka mita kwenye volti 20 za umeme wa moja kwa moja (DC). Ncha nyeusi ya mita iguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kibano chake. Ncha nyekundu ipenyeze nyuma ya plagi ya feni, kwenye waya wa hasi.

Ukisoma volti 0.2 au chini, athi ni nzima. Ukipata zaidi ya 0.5, umeme unapotea njiani na feni inazunguka kivivu. Ukisoma volti 12 kamili huku feni imesimama, athi imekatika kabisa.

Fanya vivyo hivyo upande wa chanya: ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyingine nyuma ya plagi kwenye waya wa chanya. Namba nzuri ni ndogo vilevile.

Mwaka mmoja alikuja mzee mmoja mvuvi na pikapu yake, mezani kwangu akaweka feni mbili. "Fundi, zote hizi nimenunua, na bado." Nilipima athi yake, mita ikasoma 11 na kitu. Plagi kwa nje ilikuwa safi, bolti imekazwa. Lakini ule waya mweusi ulikuwa umevimba kidogo, laini ukiuminya, kama mshipa. Nikauchana kwa kisu. Ndani shaba ilikuwa nyeusi yenye unga wa kijani, karibu shubiri nzima, na nilipoikunja kati ya vidole ilikatika bila sauti. Nikamuuliza gari linalala wapi. Akasema ufuoni, pua ikitazama bahari, miaka minane.

Waya huo haukugharimu hata nauli ya kufuata feni ya pili Mombasa. Aliponiuliza zile feni azipeleke wapi, nilimwambia aweke moja akiba na nyingine ajaribu kuirudisha dukani. Walikataa kuipokea.

Jinsi ya kutengeneza. Kata waya kurudi nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa rangi yake. Ukikata ikawa bado nyeusi, endelea kukata. Unga waya mpya wa unene uleule, uubane kwa pete ya shaba, uulehemu, kisha uvishe mpira unaojibana kwa moto. Utepe peke yake unanyonya unyevu. Pale kwenye bolti, sugua bati kwa msasa mpaka chuma kionekane. Kaza bolti chuma kwa chuma, ndipo upake grisi juu yake. Ukipaka grisi kwanza katikati, unajiwekea kizuizi mwenyewe.

Umefaulu ikiwa: mita inasoma chini ya 0.2 feni ikizunguka kwa nguvu zake zote.

## Hatua ya 8: Sensa au swichi ya joto

Ukifika hapa mota, fyuzi, rilei na nyaya ni nzima. Kinachokosekana ni amri.

Washa injini, chomoa plagi ya sensa ya joto. Magari mengi yenye kompyuta yakikosa habari ya sensa yanawasha feni kwa usalama. Feni ikiwaka, sensa ndiyo ya kushukiwa. Baadhi ya Toyota za zamani nazo hufanya hivyo kwa swichi iliyo chini ya rejeta: ukichomoa, feni inawaka.

Kwenye aina nyingine za zamani mambo ni kinyume: swichi inaunganisha ikipata moto. Hapo ukiunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, feni inawaka. Fanya hivi kwa swichi ya rejeta tu, kamwe si kwa sensa ya kompyuta.

Sensa ya kompyuta ipime kwa omu. Kwenye magari mengi ya Kijapani inasoma kama omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na inashuka hadi kati ya 200 na 400 maji yakifika nyuzi 80. Asubuhi ya Malindi, kabla gari halijawashwa, utapata chini kidogo ya 2,000 kwa sababu hapa ni joto zaidi. Ikisoma namba ileile baridi na moto, imekufa.

Na kabla hujaitupa, shika mpira wa chini wa rejeta injini ikiwa ya moto. Ukiwa baridi huku wa juu unaunguza, thamostati imekwama au rejeta imeziba. Swichi iliyo chini inahisi maji baridi, kwa hiyo ina haki ya kutowasha feni.

## Hatua ya 9: Feni ya mkanda, anza na mkanda

Hii na inayofuata ni kwa wenye dizeli.

Injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya pulli mbili. Uingie kama sentimita moja. Ukilegea zaidi unateleza, na pampu ya maji nayo inayozungushwa na mkanda huohuo inapungua kasi. Mkanda uliong'aa kama kioo upande wa ndani, au wenye nyufa, badilisha.

Angalia pia ile kava ya plastiki inayozunguka mapanga. Wengi huitoa ili iwe rahisi kufikia pampu, halafu hairudishwi tena. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya moto ya injini badala ya kuivuta kupitia rejeta yote. Irudishe, hata kama imeshonwa kwa waya.

## Hatua ya 10: Klachi ya feni

Klachi ina mafuta mazito ya silikoni ndani, na mbele yake kuna springi bapa inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Rejeta ikipoa, klachi inateleza na feni inakwenda taratibu. Rejeta ikiwaka moto, springi inafungua njia ya mafuta, klachi inakamata, na unasikia mvumo mkubwa.

Macho kwanza. Injini imezimwa, mulika kati ya klachi na mapanga. Mistari myeusi ya mafuta yaliyonata na vumbi, ikitoka katikati kwenda nje kama miale, maana yake silikoni imevuja. Shika ncha za mapanga mawili yanayokabiliana utikise: zikicheza sana, beringi ya klachi au ya pampu imelika.

Kisha mkono. Endesha gari mpaka lipate moto kamili, hata lianze kupanda geji. Zima, ondoa ufunguo, zungusha feni kwa mkono mara moja. Klachi nzima inakataa: inakwenda kama imezama kwenye asali, na kusimama kabla ya kumaliza mzunguko mmoja au karibu na hapo. Ikizunguka mara tatu, nne, ikiendelea yenyewe kama pia ya mtoto, imekufa.

Na sikio. Asubuhi gari likiwa baridi, feni huvuma kwa muda mfupi kisha inatulia. Mchana, limesimama juani, inatakiwa uisikie ikivuma tena. Isipovuma kamwe, haikamati. Ikivuma wakati wote, hata kwenye baridi ya alfajiri, imekwama. Gari halitachemka, lakini litakula mafuta na kukosa nguvu.

Kuna mafundi wanaojaribu klachi kwa kuisimamisha feni inayozunguka kwa gazeti lililokunjwa. Usifanye. Panga likivunjika linaruka kama kisu.

Tena kuna dawa ya mkato inayopendwa sana: kutoboa klachi na kuifunga kwa skrubu, au kuichomelea, ili feni izunguke na injini wakati wote. Nakubali kwamba inaweza kukufikisha nyumbani ukikwama mbali, tuseme ukitoka Sala na tikiti maji nyuma zinaanza kuiva kwa jua. Lakini ukifika, itoe. Ukikanyaga mafuta feni hiyo inafika kasi ambayo plastiki yake haikutengenezewa. Nimeona panga moja lililokatika likatoboa rejeta na kukunja boneti kwa ndani, na mwenye gari alikuwa ameikwepa klachi kwa ajili ya bei yake.

Ukinunua klachi, peleka ya zamani mkafananishe: idadi ya matundu, kina chake, na upande inaozunguka. Toyota nyingi zinafungwa kwa nati nne, kazi ya nusu saa. Iweke imesimama wima kama inavyokaa kwenye gari, usiilaze chali, ili silikoni isitoke.

## Hatua ya 11: Jaribio la mwisho

Jaza maji injini ikiwa baridi. Egesha gari sehemu tambarare, kiyoyozi kizimwe, iache injini ingurume bila kukanyaga. Kaa nayo, usiende kunywa chai.

Geji ipande mpaka katikati, mpira wa juu uwe wa moto, kisha wa chini ufuate. Feni ya umeme iwake yenyewe, ivume dakika moja hadi tatu, izime. Subiri iwake tena, na tena. Mara tatu mfululizo, geji isipite ilipozoea. Kwa feni ya klachi, sikiliza mvumo ukipanda rejeta inapopata moto.

Geji ikipita katikati na kuendelea kupanda, zima injini mara moja. Usiimwagie maji baridi ikiwa hivyo, hedi inapasuka.

Ikifaulu, pakia mzigo wako wa kawaida, chagua saa saba mchana, na uipeleke kwenye mchanga mzito kwa gia ya kwanza dakika kumi. Simama, acha injini ingurume, fungua boneti. Feni ikivuma, peleka karatasi ya daftari mbele ya rejeta, kona zote nne na katikati. Ikinyonywa kila mahali, funga boneti uende kazini.